Saa Nane ya Ng'ombe Wangu

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa niyaache yapite.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, pale Zinga. Ndiye aliyenilisha tangu nifiwe na mume wangu. Ukaja mradi wa kupima ng'ombe wa pwani anatoa joto kiasi gani mwilini na anapumua vipi jua likiwaka. Mara moja kwa wiki bwana mifugo alimvalisha barakoa ya mpira yenye bomba, hewa anayoitoa ikaingia kwenye mfuko ikapimwe. Siku zilizobaki kazi ilikuwa yangu: nikae kando ya banda, nitazame ubavu, ukipanda na kushuka nihesabu pumzi moja, dakika nzima, asubuhi na mchana, kisha nijaze karatasi.

Nilihesabu kwa moyo wote. Saa mbili katulia, anacheua. Saa nane jua kali, anahema mdomo wazi. Kwenye sehemu ya saa nikaandika 2, nikaandika 8. Nani huku kwetu angeandika vingine?

Baada ya miezi miwili bwana mifugo alikuja na wenzake wawili, hata shikamoo yake ilikuwa ya haraka haraka.

"Mama, wataalamu wanasema ana homa ya mapafu. Inaambukiza, lazima achinjwe."

"Mwanangu, anakula, anakamuliwa. Mgonjwa gani huyo?"

Akasema karatasi haidanganyi: ng'ombe anahema asubuhi kukiwa na ubaridi, mchana wa jua ametulia. Sikumwelewa. Niling'ang'ania kamba, wakanibandua vidole kimoja kimoja, kwa adabu zote.

Alipopasuliwa, mchinjaji aliniita nione mapafu. Safi, hayana hata doa. Bwana mifugo akaitazama tena karatasi yangu. Ndipo akanieleza kwamba huko kwa wataalamu karatasi zinakosomwa, nane ni asubuhi na mbili ni mchana. Na yeye ni mzaliwa wa Kaole, pwani hii hii, na kila wiki karatasi zile zilipita mikononi mwake!

Juzi karudi na karatasi mpya, ina sehemu ya asubuhi na sehemu ya mchana. Akaniuliza kama nimepata ng'ombe mwingine. Nilikuwa nafagia banda tupu, mazoea tu.

Nikamuuliza, "Sasa hivi saa ngapi?"

Akatazama simu yake. "Saa nane, mama," akajibu, bila hata kufikiri.