Zipora Akataa Kukiri

Zipora wa Msangeni alikuwa mpiga chapa mjini Same, na kompyuta yake kuukuu ilitumia DOS, ile ya kuandikiwa amri kwa herufi. Mwaka 1998 Lugano, karani mwenzake kutoka Tukuyu, akamletea nyingine yenye Windows, picha za rangi na mausi. Akaipenda kwa siku mbili. Siku ya tatu umeme ukakatika, kama kawaida ya miaka ile. Uliporudi, skrini ikaandika kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu.

“Ananiambia mimi?” Zipora akauliza.

“Ni maneno ya mashine tu, dada. Bonyeza uendelee.”

“Nikibonyeza, nimekiri kosa.”

Lugano akacheka. Alikuwa hajakaa na Wapare kama Zipora vya kutosha kujua kwamba hawakiri kosa wasilolitenda, hata dogo. Zipora alihamia kwenye mashine yake ya zamani, akachapa barua ya kukanusha, akamtaka Lugano asaini kama shahidi, kisha akaiweka kwenye faili.

Tangu hapo hakuigusa tena Windows. Umeme ukirudi, DOS humwonyesha skrini nyeusi na kusubiri amri, naye huendelea na kazi kwa amani.