Sumaku Ilishika, Sikio Likakataa

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya Kisenyi, Kampala, sikushika spana. Foremani Kizito, mtu mfupi mwenye ovaroli iliyokaukiwa na rangi mpaka ikawa ngumu kama turubai, alinipa mkasi wa bati na pipa tupu la oili, akasema, "Fungua hilo pipa, lifanye shuka." Nikalikata, nikaligonga mpaka likalala chini. Sikuuliza ni la nini. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, nina mke na mtoto, na mtu wa namna hiyo haulizi siku ya kwanza.

Mchana nikaelewa. Pipa lile lilikuwa kiraka. Gari likiliwa na kutu kwenye sili, ule ukingo wa chuma ulio chini ya milango, au kwenye chesi, yaani mifupa inayobeba gari zima, sisi hatukuwa tunakata ubovu na kuutoa. Tulikuwa tunafunika. Kipande cha pipa kinachomelewa juu ya kutu, kinapakwa puti, ule udongo laini wa kujazia mabonde, kinapigwa msasa, kinapigwa rangi. Ikiwa ni chini kabisa, rangi haina haja, unapaka lami nyeusi. Kazi hiyo tuliiita kushona. Kutu inabaki ndani inakula polepole, na nje gari linang'aa.

"Foremani, na huko ndani?" nilimuuliza wiki ya pili.

"Kwani wewe unalala ndani ya chesi?"

Wenzangu wakacheka. Foremani akanigeukia tena: "Ssebo, bwana wangu, mwenye gari hili anauza. Mtu anayeuza hataki gari, anataka rangi. Shona."

Nikashona miaka sita. Naandika jina la Foremani Kizito hapa kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kunifundisha, na kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "mafundi wa Kisenyi" kana kwamba hatukuwa na majina.

Kutoka hapo nilihamia karakana moja ya Nakawa, upande wa viwanda. Mkubwa pale alikuwa Meneja, Mkenya aliyekuja kwa biashara, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuone haya kufungua midomo. Siku ya tatu alikuta nimeshona sili ya gari la mteja. Akainama, akatazama, akasimama.

"Hii umefanya nini, fundi?"

"Nimeshona, Meneja."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Utampandisha hapa?"

Nikainama kuitazama sili upya.

"Basi kata yote. Kata mpaka ukutane na chuma cheupe, hata kama utamaliza mlango."

Kwa Meneja ndipo nilipojifunza kukagua. Ninyi vijana wa sasa mnaingiza simu chini ya gari, mnapiga picha, mnasema liko safi. Lami nyeusi kwenye picha inapendeza sana. Sisi tulianza juu, kwenye mifereji ya mvua ya paa, tukashuka. Unainua zulia la sakafu na kunusa kabla ya kutazama, maana maji yaliyolala chini ya zulia yana harufu yake hata kama mtu amefua. Unatoa tairi la akiba na kupapasa shimo lake. Unapitisha vidole nyuma ya matao ya magurudumu. Mwisho unaingia chini, unafika pale springi za nyuma zinaposhikwa na chesi. Pale ndipo gari linapofia. Mengi yanatoka nchi ambazo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na yakifika kwetu yanaogelea kwenye mafuriko.

Vyombo ni vitatu. Sumaku ndogo ndani ya leso, ili isikwaruze rangi: ikishika, kuna chuma, ikiteleza, kuna puti. Pili ni sikio. Unagonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema du. Tatu ni ncha ya bisibisi yenyewe: unaisukuma, na kama inaingia, gari hilo si gari. Meneja alikuwa akisema, "Sumaku, sikio, bisibisi. Ukiruka moja, nenda kauze nyanya."

Meneja aliporudi kwao karakana ikafungwa. Mimi nikawa fundi wa kukagua, nikisindikiza wanunuzi kwenye yadi za magari. Hapo ndipo anapoingia Sajini Opio.

Opio ni polisi mstaafu kutoka kaskazini, jirani yangu Namuwongo kwa miaka kumi. Alikuwa rafiki yangu. Kiinua mgongo chake chote alitaka kukiweka kwenye vani moja, abebe simsim, yaani ufuta, kutoka kwao hadi Kampala. Akasema, "Fundi, mimi najua bunduki, gari sijui. Jicho yangu ni wewe."

Tukaenda yadi ya Haji Bbosa. Nalitaja jina hilo na sitarudi nyuma. Haji alikuwa na mchomeleaji wake, Sula, aliyesimama pembeni akifuta mikono muda wote ingawa mikono ilikuwa misafi. Vani ilikuwa nyeupe, nzuri. Nikaanza juu, nikashuka. Zulia, kavu. Tairi la akiba, sawa. Nikaingia chini, nikafika kwenye springi za nyuma. Lami ilikuwa mpya. Nikaweka sumaku. Ikashika, tena kwa nguvu.

Nikagonga. Ikasema du.

Nikagonga upande wa pili. Ikalia kidogo. Nikarudi upande wa kwanza: du. Nikageuza bisibisi niweke ncha, na Haji akainama kutoka juu.

"Fundi, hiyo gari ya watu. Sheria ya yadi unaijua."

Naijua. Yadi zote zina sheria hiyo: anayetoboa amenunua. Na aliyekuwa ananunua hakuwa mimi.

"Nasafisha tu lami, Haji."

"Lami ni nguo yake. Utamvua mke wa mtu barabarani?"

Watu wakacheka. Sula hakucheka. Hilo nililiona, na mpaka leo sijui kwa nini niliona na nisifanye kitu. Nikatoka chini, nikajipangusa. Opio alikuwa amesimama wima kama yuko gwaride.

"Fundi, iko sawa?"

"Sumaku imeshika, afande," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu, hayo tu. Yeye akatabasamu, akampa Haji mkono.

Wiki ya tatu baada ya kuinunua, mimi na Opio tulikuwa tunarudi kutoka kwao na magunia ya simsim, mchana kweupe, barabara kavu, mwendo wa kawaida. Nilikuwa nimekaa kando yake. Nikasikia kitu kikikatika nyuma, kisha gurudumu likaingia ndani, na vani ikalala ubavu. Nyonga yangu ilivunjika. Mkono wa kulia wa Opio ulibaki chini ya mlango, na hospitali wakaukata.

Nikiwa nimelala pale kwenye majani niliweza kuona tumbo la gari. Springi ilikuwa imeng'oka na kipande cha chesi. Bati la kiraka lilikuwa limefunguka kama kopo, na upande wake wa ndani ulikuwa na rangi ya njano na nusu ya maandishi ya pipa la oili. Nyuma yake kutu ilikuwa ikimwagika laini, kama majani ya chai yaliyotumika. Sumaku haikudanganya. Ilishika chuma, ila chuma chenyewe kilikuwa pipa.

Nilipoweza kutembea kwa mkongojo nilikwenda kwa Haji Bbosa. Akasema, "Mimi nauza, sikagui. Alikagua fundi wenu." Nikamtafuta Sula. Akasema Haji ndiye aliyemwagiza. Nikawataja wote wawili kila mahali, sokoni, msikitini, kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikaenda kwa Opio kumwambia kwamba nimewataja. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Wewe je, ulijua ama hukujua?"

Nikasema sikujua.

Kila nilipokwenda aliuliza vilevile, kwa sauti ileile ya kituoni, na kila mara nikasema sikujua. Mkono uliobaki hakunipa. Mtu aliyenipikia ugali nilipofiwa na mama alikuwa ananisalimia kwa kichwa tu.

Sasa nina miaka hamsini na moja na nimestaafu, kwa sababu nyonga hii hainiingizi chini ya gari. Nakaa, nafikiri, na kadiri ninavyofikiri ndivyo mambo yanavyozidi kunichanganya. Miaka sita nilikata mapipa. Ningeweza kuyatambua gizani. Basi ilikuwaje nisifikirie kwamba mtu mwingine naye ana pipa? Niliogopa Haji? Niliogopa kumharibia Opio furaha yake? Au nilitaka sumaku iseme kweli kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kuusema ukweli? Najiuliza asubuhi napata jibu moja, jioni nimepata lingine. Najua neno la Meneja nililiruka, lakini kwa nini niliruka, hilo silijui.

Juzi nilikwenda tena. Opio alikuwa barazani akifunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja na meno. Hakuniomba msaada, wala mimi sikuthubutu kumsaidia. Akamaliza, akauliza swali lake.

"Afande," nikasema, "kujua sikujua. Lakini sikio lilikataa. Nililisikia mara mbili, nikanyamaza."

Akashusha mguu, akanitazama. Mke wake alikuwa ametokea mlangoni na birika, akabaki pale pale.

"Miaka yote hiyo unaniletea Haji," Opio akasema. "Unaniletea Sula. Mimi nilikuwa polisi, fundi. Niliona watuhumiwa wawili, na wa tatu amejificha." Akamwambia mkewe alete karatasi na kalamu. "Andika. Kama kituoni."

Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, nilichukua muda. Niliandika Haji Bbosa mwenye yadi. Niliandika Sula mchomeleaji. Halafu nikaandika mimi, Kato, fundi wa kukagua, nilisikia du na nikasema sumaku imeshika. Akaisoma mara mbili, akasema niweke sahihi, nikaweka. Akaikunja juu ya goti lake kwa mkono mmoja, polepole, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Afande," nikamuuliza, "hiyo karatasi ni msamaha ama ni ushahidi?"

"Kunywa chai, fundi," akasema.

Mke wake akamimina, nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi, kama ninavyopenda, na hilo nalo sijui maana yake.