Nafasi ya Vyeo vya Meja

Nichekeni, lakini kwanza mnisifu: tatizo la vyeo vya Meja nililitatua mimi, Mkenya niliyeishi mtaa wa Kansanga, peke yangu.

Kompyuta ya ofisi yetu Kampala ilihifadhi kila ujumbe kabla ya kuupeleka ofisi ya Luzira. Ujumbe mmoja ulitengewa nafasi ya herufi themanini. Meja wetu alianza kila ujumbe kwa vyeo vyake vyote, na ziada ikamwagikia ujumbe wa mtu mwingine na kuuharibu. Nimwambie apunguze vyeo? Enzi zile za utawala wa kijeshi watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikapanua nafasi hadi herufi mia tatu, kisha kwa kujaribu nikaijaza porojo ndefu kwa Akello, mwenzangu wa Luzira. Ilifika nzima. Siku hiyo nilitembea kama bwana harusi.

Kesho yake asubuhi Meja akaja kujionea. "Wewe Mkenya, leo cheo yangu itatoka yote?"

"Yote, afande! Haitapotea hata herufi moja."

Mashine ya kompyuta ikachapa nakala ya ujumbe wake: vyeo vyote, kisha agizo lake fupi. Meja akacheka kwa furaha, akanigonga begani. Lakini mashine haikunyamaza. Nilikuwa nimepanua nafasi lakini sikufuta porojo ya jana iliyobaki humo, na ujumbe wa Meja ulikuwa mfupi kuliko porojo yangu. Mkia wa porojo ukafuata, naye akausoma kwa sauti: "...maana Akello, vyeo vya Meja ni vingi kuliko meno yake."

Meja akafunga mdomo.

Haikupotea hata herufi moja.