Chama cha Kwenda Mwezini

Juzi nilikwenda bomani Iringa kukata leseni ya baiskeli. Mbele yangu walisimama mwalimu wa Kihesa na fundi cherehani. Tangu redio itangaze ule mwezi wa bandia uliorushwa angani kuizunguka dunia hawalali, na sasa walitaka kuandikisha chama cha kuhimiza safari za mwezini.

"Hii siyo siasa?" karani akauliza, kalamu ikiwa hewani.

"Hapana, bwana. Tunataka watu wafike huko tu," mwalimu akajibu.

"Na huko kuna Bwana DC?"

"Bado hajafika."

Karani akageuka, akautazama mlango wa mkubwa wake, yule DC Mzungu, akausukuma taratibu kwa mguu mpaka ukafungika.

"Wa tatu," akanong'ona, "niandikeni mimi."

Leseni nikaisahau. Nilitoka pale mwanachama wa nne.