Sare ya Chama Kwenye Maandamano

Mwaka ule ndio nyanya zilipotea madukani Landani, tukala mchuzi wa nyanya za kopo mpaka ndimi zikachachuka. Zilipoanza kurudi, joto lilikuwa limeshaingia, na mjukuu wangu akanipigia simu kwamba Jumamosi anaandamana mjini na wenzake. Ni binti wa marehemu mwanangu, nimemlea mwenyewe hapa Wembley. Anaishi na msichana mwenzake, chumba kimoja, kitanda kimoja. Sikuambiwa. Nina macho.

"Bibi, si lazima uje," alisema. Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo shughuli. Akikisema, najua ana jambo.

"Nivae nini?"

"Chochote, Bibi."

Chochote si nguo. Kwetu mtoto akiwa na siku yake, anasindikizwa kwa sare. Na sare niliyokuwa nayo ni moja tu, kitenge cha kijani chenye majogoo wekundu, cha chama chetu cha kufa na kuzikana. Chama hicho ndicho kinatuosha tukifa, kinatusafirisha, kinapika matangani. Nikakivaa na kilemba chake, nikapanda treni.

Maandamano yenyewe ni kelele na kusimama. Niliona bendera za rangi za upinde wa mvua, wanaume wamevaa mabawa, polisi wanacheza muziki, benki imeleta basi lake utadhani nayo ina mchumba. Mmoja alikuwa matako nje. Niliyatazama, ni matako tu, nimeosha mengi kwenye nyumba za wazee. Lakini chakula hakuna. Watu wote wale, shangwe yote ile, hata sambusa!

Mjukuu wangu alipopita na mwenzake wameshikana mikono, nikapiga kigelegele. Mwanamume mmoja Mkongo, mtu wa mvi, akaacha msafara akaja kusimama mbele yangu.

"Mama, piga tena."

Nikapiga. Akalia, akajifuta uso kwa bendera yake, akarudi kwenye msafara. Hakuniambia kisa chake na sikumuuliza. Mtu wa mvi akiomba kigelegele kwa mtu asiyemjua, ujue kwao hakuna aliyewahi kumpigia. Hilo halihitaji shule.

Sijafika hata nyumbani, video ya kigelegele changu imeshafika kwenye grupu la chama. Uso wangu haukuonekana vizuri. Majogoo walionekana.

Mwenyekiti akapiga simu. Ni wa rika langu, tumelea wazee pamoja.

"Dada, umetuandamanisha wote! Mchungaji ananiuliza chama kimeanza lini mambo haya."

"Mwambie aliyevaa ni mmoja."

"Usinitanie. Wewe sema ulipotea. Barabara zilifungwa, ukajikuta humo humo. Mtu mzima kupotea si aibu."

"Sikupotea. Nilikwenda."

"Basi kikao kitaamua. Na hiyo sukari yako, dada, fikiria nani atakuosha."

Hayo yalinifika. Nimeona wanavyozikwa hapa wasio na watu: sanduku, mtu wa kanisa asiyejua hata kutamka jina la maiti, kisha kila mtu na basi lake. Usiku ule chai ilinishinda.

Siku ya kikao mjukuu wangu alinisindikiza. Ndani ya basi akasema, "Bibi, sema tu ulipotea. Mimi sitaumia." Alisema akitazama dirishani. Alikuwa ameshaumia. Mtoto huyu amekua akipunguza sauti mbele yetu, kanisani, harusini, mezani kwangu mwenyewe. Sasa alikuwa ananifundisha na mimi kupunguza.

Ukumbini watu walikuwa wanakula pilau, na kachumbari ya nyanya mbichi, kwa kuwa zimerudi. Kila mwanamke alikuwa na majogoo wake, na mimi wangu. Salamu zilikuwa fupi. Mjukuu wangu alibaki amesimama mlangoni, hakuna aliyemwambia karibu.

Mwenyekiti akainuka. Sauti yake ilikuwa ya upole, sitamsingizia.

"Dada, waeleze wenzako tumalize, tule. Siku ile ulipotea, sivyo?"

Nikaondoka kwenye kiti changu, nikamwashiria mjukuu wangu aje akikalie. Akaja, akakaa. Mimi nikabaki nimesimama.

"Sikupotea. Nilikwenda."