Kichwa Kilichotabiri Mvua

Nilipokuwa mtoto, pale Majimoto, jirani hakuanika mpunga kabla ya kuuliza kichwa changu kimeamkaje. Kikianza kuuma, kichwa hicho kilipasuka upande mmoja, vimulimuli vikacheza machoni, chakula kikarudi kilikotoka. Na mara nyingi, kabla ya jua kuzama, mvua ilishuka. Bibi, aliyehama Usukumani na ng'ombe zake na mizimu yake yote, hakuwa na shaka.

"Ni bibi yangu huyo amekukalia," alisema. Bibi yake alikuwa mganga wa mvua, naye aliumwa hivyohivyo. Nikikua ningevikwa shanga na kurithi kazi.

Majirani waliifurahia huduma. Nikijilaza tu, kitenge usoni, Mama Kulwa alipaza sauti: "Nyie, anueni mpunga! Mtoto keshaanza!" Hata mtendaji wa kijiji alikuja, faili kwapani, kuulizia kama Alhamisi ingefaa kwa mkutano wa hadhara. Nasikia kwenye muhtasari aliandika kwamba siku ilipangwa baada ya kushauriana na mtaalamu. Mtaalamu alikuwa darasa la tano, na alikuwa ametoka kutapika.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kwenda shule wiki nzima kama wenzangu. Mwalimu alishaanza kuniita mgeni rasmi.

Mama akanipeleka hospitali Mpanda. Daktari alisikiliza mpaka habari za mvua, wala hakucheka. Akasema huo ni ugonjwa, unaitwa kipandauso, aghalabu hurithiwa, na kwa wengine huamshwa na mabadiliko ya hewa. Akaniandikia vidonge vya kuuzuia, vya kumeza kila jioni, niumwe nisiumwe.

"Unameza dawa na huumwi?" Bibi alishangaa. "Basi na ng'ombe mzima tumfunge bendeji." Kisha akaongeza: "Na mwenye kichwa chake, bibi yangu, mmemuuliza?"

Kwetu kitu hakikumezwa bila ruhusa ya Bibi. Vidonge vikakaa juu ya kabati mpaka kichwa kiliponiangusha tena. Bibi alinishika paji la uso mchana kutwa. Nikamwambia, "Bibi, mwambie aniache nisome."

Kesho yake alichanganya unga na maji kwenye kibuyu, akayapuliza kwa mdomo kuelekea mawio ya jua.

"Bibi," alimwambia mzimu wa bibi yake, "mtoto anaomba likizo. Haachi kazi. Amalize shule kwanza."

Akasubiri, kama mtu aliyesimama dirishani kwa karani. Halafu akanigeukia. "Amekubali. Meza."

Nafuu ilikuja polepole, kama daktari alivyotuonya. Kufikia mavuno maumivu yalikuwa yananitembelea kwa nadra. Ndipo siku moja mvua ikatushukia bila taarifa, mpunga wa kijiji kizima uko nje.

"We mtoto, mbona hukusema?" Mama Kulwa alifoka.

"Sijaumwa, mama!" nilijibu huku nikikimbia na turubai.

Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye tope. "Yuko likizo huyo! Anueni wenyewe!"

Siku hizi natumia dawa nyingine, na kichwa bado hunikumbuka mara mojamoja. Wanaosikia kisa hiki hudhani hospitali ilimshinda Bibi. Sidhani. Alikuwa na mjukuu anayeulizwa na kijiji kizima, hata na serikali, na wazee wa aina yake hawaachii heshima kama hiyo kirahisi. Akachagua mjukuu wa kawaida, anayeamka asubuhi na kwenda shule.