Ngamia wa Pekee wa Ayeeyo

Leo bibi yangu amenishinda kwa hoja, mimi mwenye shahada.

Ayeeyo, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kisomali, anataka kumuuza ngamia wake wa pekee ili dada yangu alipiwe karo ya chuo kikuu.

Nilipinga vikali. Wahadhiri wamegoma kudai mishahara. Elimu gani hiyo ya kununua?

Akatazama mbali, kana kwamba anaiona miaka ya sitini.

"Msomi wangu, wakati wa vita wanajeshi walitufungia kijijini. Tulibaki na ngamia mmoja. Mwalimu wa Kurani alikunywa maziwa yake kwanza, kisha sisi watoto. Walimu wenu wanalala njaa, nawe unawalaumu?"

Nikaenda kumfungua ngamia.

Sasa naelekea sokoni Garissa, kamba mkononi, vumbi likielea kama maziwa.

Mngemjibuje?

Ngamia anatembea polepole, nami simharakishi.